Cholado: Matunda na barafu ya Colombia yenye funzo kwa Kimana

WAKULIMA wa Kimana, Kaunti ya Kajiado, hukuza nyanya, vitunguu na matikitimaji kwa maji ya chemchemi zinazobubujika chini ya Mlima Kilimanjaro. Mazao hayo husafirishwa hadi Nairobi na Mombasa. Hata hivyo, mavuno ya wengi yanapokomaa kwa pamoja, bei huporomoka, na tunda lililokosa mnunuzi halina subira: huoza.

Nchini Colombia, Amerika Kusini, kuna mji uliojipatia sifa kwa kuuza matunda yaliyokatwakatwa na kuchanganywa na barafu. Mji huo ni Jamundí, ulio kusini mwa jiji la Cali katika jimbo la Valle del Cauca. Kitindamlo chenyewe huitwa cholado.

Mazingira ya miji hiyo miwili yanakaribiana kuliko inavyodhaniwa. Jamundí iko takriban digrii 3 kaskazini mwa ikweta, ilhali Kimana iko karibu digrii 3 kusini mwake. Yote miwili imeinuka kiasi cha mita 1,000 au zaidi kidogo kutoka usawa wa bahari, hupigwa na jua kali la mchana na hutazamana na milima mirefu.

Cholado huandaliwa katika gilasi au kikombe kirefu. Kwanza hutiwa barafu iliyokwanguliwa au kusagwa, kisha shira ya sukari yenye rangi na ladha ya matunda. Juu yake hupangwa vipande vya ndizi, papai, nanasi, tufaha, stroberi au stafeli, pamoja na maji ya karakara au ya lulo. Mwishowe humwagiwa maziwa mazito ya mkebe yenye sukari, na huenda yakaongezwa nazi iliyokunwa na biskuti nyembamba. Mlaji hutumia kijiko kwanza, kisha mrija.

Lulo ni tunda la rangi ya machungwa lenye maji machachu ya kijani. Ijapokuwa halijulikani sana Afrika Mashariki, ni la ukoo mmoja na nyanya na biringanya. Sukari nayo haitoki mbali, kwa kuwa Valle del Cauca ndiyo kitovu cha kilimo cha miwa nchini Colombia.

Siri ya ubaridi wake imo katika barafu. Kuyeyusha kilo 1 ya barafu huhitaji joto linalokaribia lile la kupasha kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80 za Selsiasi. Joto hilo hunyonywa kutoka kwa matunda, shira na kinywa cha mlaji. Barafu ikikwanguliwa, eneo lake la kugusana na vitu vingine huongezeka. Hivyo hupoza upesi na kushika shira vizuri kuliko bonge moja.

Afrika Mashariki si ngeni kwa uhondo wa namna hii. Katika miji ya Pwani, watoto wamelelewa kwa barafu za ukwaju na ubuyu, huku faluda ikinywewa na wakubwa kwa wadogo. Tofauti ni kwamba barafu hizo hugandishwa zikiwa maji matamu tayari, ilhali katika cholado tunda bichi ndilo hujaza kikombe. Kwa mkulima, tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu tikiti moja lililouzwa kwa vipande linaweza kumletea fedha zaidi ya tikiti zima lililochukuliwa na dalali.

Kimana ina matunda, na maziwa yapo katika maboma ya wafugaji. Maziwa hayo yakichemshwa taratibu kwa sukari huwa mazito na kuweza kushika nafasi ya yale ya mkebe. Kinachohitaji uangalifu ni barafu.

Huko Ecuador, jirani wa Colombia, wachukuzi walikuwa wakikata barafu katika mlima Chimborazo na kuiteremsha kwa punda hadi sokoni Riobamba, itumiwe katika vinywaji vya matunda. Baltazar Ushca, aliyefahamika kama wa mwisho wao, alifariki mwaka 2024. Kilimanjaro haiwezi kutoa barafu kwa njia hiyo. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo kileleni mwaka 1912 imekwisha kutoweka, na hata chemchemi za chini hulishwa hasa na mvua inayonyesha katika msitu wa mlimani.

Kwa hiyo barafu ya Kimana ni lazima itoke kwenye friji, na hapo ndipo hatari ilipo. Watu wengi huamini kwamba baridi huua viini vya maradhi. La hasha! Viini vya kipindupindu na homa ya matumbo vinaweza kustahimili kugandishwa, kisha vikaamka barafu inapoyeyuka. Maji ya mtoni au ya mfereji wa kunyunyizia mashamba, ambayo pia hunywewa na mifugo, hayafai kugandishwa kabla ya kuchemshwa au kutiwa klorini kwa kipimo sahihi.

Vilevile, ganda la tikiti lisipooshwa kwa maji safi, kisu huhamisha uchafu wa nje hadi kwenye nyama ya tunda. Vipande vilivyokatwa vihifadhiwe mahali baridi na kufunikwa, na vilivyokaa juani kwa saa kadhaa vitupwe.

Muuzaji atakayezingatia hayo atakuwa na njia ya kuongeza thamani ya tunda kabla halijaharibika. Atakayeyapuuza atauza ugonjwa ndani ya kikombe kinachopendeza macho, na mteja wake wa kwanza huenda akawa mtoto.