Sauti za wazee wetu zisifie katika vyombo vikuukuu

Walimu na wanafunzi wa lugha tunashughulika mno na hifadhi ya maandishi, lakini hifadhi ya sauti aghalabu tunaiachia bahati. Enzi za kaseti, mtu aliyetaka kuisikia tena sauti ya marehemu babu yake alihitaji redio-kaseti yoyote, hata ya kuazima kwa jirani. Leo sauti imekuwa faili, na faili haifunguki ila kwa programu inayoielewa. Programu hiyo ikitoweka, au tarakilishi mpya ikikataa kuipokea, basi sauti huwapo nayo haipo.

Suala hili nililikuta likiwa hai huko Sori, mji wa wavuvi kwenye Ghuba ya Karungu, Kaunti ya Migori. Mwalimu mmoja mstaafu alinikabidhi chombo cha mfukoni cha kuchezea muziki, cha aina iliyopendwa kabla simu hazijaichukua kazi hiyo. Pamoja na nyimbo za benga, ndani yake mlikuwa na ngano za marehemu mamake, alizozinasa kwa kipaza sauti cha chombo hicho hicho. Ni ngano za aina waliyosimuliwa watoto wa Kijaluo katika siwindhe, nyumba ya nyanya. Programu iliyouzwa pamoja na chombo ilitengenezewa tarakilishi za zamani, na tarakilishi mpya ya mwanawe haikuitambua.

"Daktari," akaniambia, "fundi amenishauri nitupe hiki ninunue kingine. Je, hicho kingine kitakuwa na sauti ya mama?"

Swali hilo si la hisia za mwana kwa mzaziwe tu. Dholuo huandikwa kwa herufi tano za irabu, ilhali masikio ya wasemaji wake hutofautisha irabu takriban tisa. Isitoshe, ni lugha ya toni, na toni haionyeshwi katika maandishi ya kawaida. Ngano ikiandikwa na sauti ikipotea, kiasi kikubwa cha lugha yenyewe huwa kimepotea. Hali ni nzito zaidi kaskazini ya Sori, katika vilima vya Gwassi na visiwa vya Rusinga na Mfangano, Kaunti ya Homa Bay. Huko Olusuba, lugha ya Kibantu, imeachiwa wazee kwa kiasi kikubwa huku vijana wakizungumza Dholuo, na UNESCO imeiorodhesha miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Dakika kumi za sauti ya mzee wa huko haziwezi kununuliwa dukani.

Kazi ya kukifungua chombo kile niliifanya kwa tarakilishi kuukuu inayoendeshwa na Linux. Kwa wasioifahamu, Linux ni kiini cha mfumo wa kuendeshea tarakilishi, kilichoanzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Msimbo wake uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Nao si mgeni kwetu, maana simu za Android walizo nazo wachuuzi wa omena pale ufuoni zinaendeshwa na kiini hicho hicho.

Vyombo hivi vya muziki, kwa jumla, ni vya namna tatu. Vya kwanza hujitambulisha kwa tarakilishi kama diski ya kawaida. Ukichomeka waya, makabrasha yanafunguka. Vya pili huzungumza kwa utaratibu uitwao MTP, na tarakilishi isiyoujua haioni kitu. Vya tatu huziweka nyimbo pamoja na orodha maalumu, na bila orodha hiyo chombo hakizitambui. Mfano maarufu wa namna hii ya tatu ni iPod, iliyotolewa na kampuni ya Apple mwaka wa 2001 na ambayo mwisho wa utengenezaji wake ulitangazwa mwaka wa 2022. Ndani yake nyimbo hupewa majina ya herufi chache zisizo na maana, na orodha ndiyo inayojua kila jina ni wimbo gani.

Chombo cha Sori kilikuwa cha namna ya pili. Nilikichaji kwanza, kwa kuwa betri iliyochoka hukata mawasiliano katikati ya kazi. Kisha nikaandika amri fupi, lsusb, inayoorodhesha kila kilichochomekwa. Chombo kikaonekana kwa nambari yake, ishara kwamba waya na moyo wake vilikuwa vizima. Kilichokosekana ni mkalimani. Nikaweka programu inayotumia maktaba ya libmtp, na makabrasha yakafunguka, la muziki na la sauti zilizonaswa. Nilinakili faili zote kabla ya kusikiliza hata moja, kwani chombo kizee hakiaminiki mara mbili.

Mwanaisimu hawezi kuitazama libmtp bila kutabasamu. Ingawa watengenezaji walidai kufuata utaratibu mmoja, kila chombo kilikuja na lafudhi yake. Waandishi wa libmtp, ambao wengi wao ni watu wa kujitolea, wamekusanya orodha ndefu ya vyombo hivyo na ukaidi wa kila kimoja, mfano wa kamusi ya lahaja. Kuhusu iPod, waandishi wengine wa programu huria walifanya kazi iliyo karibu zaidi na yetu. Hawakupewa sarufi ya ile orodha ya siri. Waliichunguza mpaka wakaielewa, kama mtafiti anavyoandika sarufi ya lugha isiyowahi kuandikwa. Mwaka wa 2007, Apple ilipoongeza ukaguzi uliozizuia programu za watu wengine, muda si mrefu wakaupatia ufumbuzi.

Watakuwepo watakaosema kwamba makampuni yana haki ya kuzilinda kazi za wasanii. Sipingi. Nyimbo zilizouzwa kwa kufuli la kidijitali ni jambo jingine, na Linux si leseni ya wizi. Lakini sauti ya mama aliyenaswa na mwanawe si mali ya kiwanda chochote. Wengine watasema Linux inahitaji subira na huwachosha wasio mafundi. Hilo pia lina ukweli, ila subira hiyo ni ya alasiri moja, na hasara ya kutupa chombo haina mwisho. Wala simu za kisasa hazijatuokoa. Maelfu ya sauti zimo katika programu za mawasiliano, na simu ikiibwa au ikitumbukia ziwani, zimekwenda.

Nini basi kifanyike? Katiba ya mwaka wa 2010, Ibara ya 7, inaitaka serikali kukuza na kulinda wingi wa lugha za Kenya, na mtaala wa umilisi umezipa lugha za kiasili nafasi katika madarasa ya chini. Walimu hulalamika kwamba vifaa vya kufundishia ni haba, ilhali vingine vimelala katika droo za majumbani. Kila shule inaweza kuwa na tarakilishi moja kuukuu yenye Linux, ambayo hailipiwi leseni. Wanafunzi wavilete vyombo vya nyumbani kwa idhini ya wenyewe, na sauti zihamishwe. Rekodi mpya zihifadhiwe kwa muundo wa WAV, kwani MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa baadhi ya sauti, na mtafiti wa kesho huenda akazihitaji hizo hizo. Ziwe nakala mbili, mahali pawili. Tena kila faili iwe na maelezo: ni nani anayesema, wapi, lini, kwa lugha gani, na nani aliyetoa ruhusa. Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari.

Tunao mfano wa kutupa moyo. Mwaka wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi katika Kiswahili. Hapakuhitajika kumbembeleza mwenye kiwanda, kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi. Mwaka huo huo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha mfumo wa Linux alioupa jina Ubuntu, neno la Kinguni lenye mzizi ule ule wa "utu" wetu.

Ufunguo, basi, upo na hauuzwi. Wenye sauti wanazeeka, na betri nazo zinazeeka. Walimu na wanafunzi tusisubiri mtu wa mbali aje kutufungulia mlango wa nyumba yetu, kwani mtegemea cha nduguye hufa maskini.