Njia ya mikoko: Nani anaachwa ufuoni?

Ukiteremka Pwani, najua picha unayoitaka: wewe katikati ya njia ya mbao, mikoko kushoto na kulia. Poa sana. Lakini kabla hujapiga pozi, jiulize: rafiki yako anayetumia kiti cha magurudumu angefika hapo?

Chukua Mida Creek, Watamu. Daraja la pale linaning'inia juu ya mikoko hadi kibanda cha kutazama ndege, na ada ya wageni husaidia kulipa karo ya wanafunzi wa sekondari wanaoishi karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Wazo safi kabisa. Ila daraja linayumba. Kwako ni raha. Kwa mwenye magongo, hiyo ni shughuli.

Mbona tusitembee tu matopeni? Kwa sababu mti wa mchu hupumua kwa vijimizizi vinavyochomoza topeni kama penseli. Ukivikanyaga vinavunjika, na miche inayoota inakufa. Njia iliyoinuliwa kwa nguzo inaacha maji, kaa na miche viendelee na maisha yao.

Sasa, fundi ana mtihani. Akiacha nafasi pana kati ya mbao, mwanga unafika chini na wimbi linapita bila kung'oa mbao. Lakini gurudumu dogo la mbele la kiti, au ncha ya fimbo ya asiyeona, itazama humo. Dawa ni nafasi ya takriban sentimita 1, mbao zikilazwa kukingama njia.

Kisha kuna kimo. Wakati wa bamvua, maji ya Pwani yetu hupanda na kushuka karibu mita 4, na bahari yenyewe inazidi kuinuka. Njia lazima ipande. Shida ni kwamba kila mita 1 ya kimo inadai mteremko wa mita 12 ili kiti kipite. Wengi hukwepa gharama hiyo wakaweka ngazi, na hapo ndipo mtu anaachwa.

Hii si hisani. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote ipasavyo.

Kwa hivyo ukienda, lipa kiingilio, piga picha zako, kisha muulize anayekuongoza: mwenye kiti cha magurudumu anapitia wapi? Wageni wengi wakiuliza hivyo, njia ijayo haitajengwa na ngazi.