Uvira: Mitego miwili ya Kiingereza inayowanasa wasemaji wa Kiswahili

Uvira, Kivu Kusini – Tuseme mkaaji wa kartie Rugenge, hapa mjini Uvira, anakaa mbele ya mtumishi wa shirika la misaada. Anaulizwa kwa Kiingereza anaishi wapi tangu nyumba yake ibomoke. Anajibu: "I lived with my brother for three years." Yeye anataka kusema kwamba mpaka leo yuko kwa kaka yake, hana pengine pa kulala. Mtumishi anaandika kwenye fomu kwamba mtu huyu alikaa kwa kaka yake miaka mitatu, kisha akaondoka. Hakuna aliyesema uongo, hakuna aliyeandika vibaya. Kilichokosekana ni neno moja dogo: "have".

Mfano huu tumeutunga, lakini hatari yake si ya kutunga. Watu wa Uvira wanakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, ukaua watu na kubomoa nyumba kwa maelfu. Baada ya tukio kama hilo, au baada ya vita, mtu huulizwa maswali mengi: ulikuwa wapi, uko wapi, tangu lini. Majibu hupimwa kwa tarehe. Kitenzi kikikosewa, tarehe nazo hazilingani.

Kwa nini Kiingereza, nasi tulisoma kwa Kifaransa?

Nchi yetu ilikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 29 Machi 2022, na mkataba ukatiwa sahihi tarehe 8 Aprili mwaka huo. Ibara ya 137 ya mkataba ulioanzisha Jumuiya, kama ulivyoandikwa mwanzo, ilisema lugha rasmi ya Jumuiya ni Kiingereza, na Kiswahili kikuzwe kuwa lugha ya mawasiliano. Jirani zetu walitangulia. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza, na Burundi ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2014, pamoja na Kirundi na Kifaransa. Ukivuka mpaka wa Kavimvira unaingia nchi hiyo. Tuna pia ndugu wengi walioko Nyarugusu nchini Tanzania, Nakivale nchini Uganda, Kakuma nchini Kenya, na wengine waliopelekwa Marekani. Wengi wao walikutana na Kiingereza ukubwani.

Ndiyo maana vijana wanajifunza, darasani na kwenye simu. Na mitego miwili huwanasa karibu wote.

Mtego wa kwanza: "have" si "-me-" kila mara

Katika Kiswahili cha vitabu, "-me-" husema jambo limekwisha na matokeo yake yapo: amefika, nimenunua. Nyumbani tunasema "alisha fika", "nilisha nunua". Mwanafunzi akiambiwa kwamba "have" ni sawa na "-me-", anafurahi, na mara nyingi inafaa. "Amefika" ni "he has arrived".

Lakini "-me-" ina kazi nyingine ambayo "have" haina. Tukisema "amesimama", tunamwona mtu aliye wima sasa hivi. Kwa Kiingereza ni "he is standing". "Amevaa koti" ni "he is wearing a coat". "Nimechoka" ni "I am tired". Anayetafsiri neno kwa neno atasema "I have tired", na msikilizaji atangoja kusikia amemchosha nani.

Kifaransa nacho kinatuvuta upande wake. Shuleni tumezoea "je l'ai vu hier", na iko sawa kabisa. Tukiihamisha tunapata "I have seen him yesterday", na hapo Kiingereza kinakataa. Sababu yake ni rahisi kushika: "have" hufunga jambo lililopita na wakati wa sasa. Jana imekwisha, haifungiki tena na sasa, kwa hiyo ni "I saw him yesterday". Leo bado haijaisha, kwa hiyo "I have seen him today" ni sawa.

Kosa la tatu ndilo zito kuliko yote mbele ya fomu. Mfaransa husema "je suis ici depuis 2020", nasi tunasema "niko hapa tangu 2020". Kutoka hapo tunaunda "I am here since 2020". Mwingereza husema "I have been here since 2020". Baada ya "since" unataja mwanzo: mwaka, mwezi, siku. Baada ya "for" unataja urefu: miaka mitatu, siku mbili.

Turudi kwa yule mkaaji wa Rugenge. "I lived with my brother for three years" maana yake mambo hayo yamekwisha. "I have lived with my brother for three years" maana yake yuko huko mpaka sasa.

Ugumu mwingine ni wa sikio. Katika kusema haraka "I have" inakuwa "I've", sauti nyembamba inayopotea kirahisi. Usingoje kuisikia, sikiliza neno la wakati. Ukisikia "since", tarajia "have" iko karibu. Na ukiongea na Mmarekani, usishangae akikuuliza "Did you eat yet?" mahali ambapo Mwingereza angesema "Have you eaten yet?" Wote wawili wanauliza kama umekwisha kula.

Mtego wa pili: neno lililoachwa

Kwa Kiswahili hatuachi kamwe alama inayounganisha mtu na habari yake. Kitabuni ni "mtu niliyemwona" na "mtu aliyeniona". Ile "-ye-" ipo pande zote mbili. Sokoni Uvira utasikia "mtu mwenye niliona" na "ndagala yenye nilinunua Kalundu". Kifaransa pia hakiachi: lazima useme "qui" au "que".

Kiingereza huacha. "The man that I saw" ni sawa, lakini watu kila siku husema "the man I saw". "The house which I bought" inakuwa "the house I bought". Hata "the house I live in", nyumba ninamokaa, haina neno la kuunganisha. "In" imebaki mwishoni peke yake.

Lakini si kila mahali panaruhusu. "Mtu aliyeniona yuko hapa" ni "the man who saw me is here". Ukiacha "who", unapata "the man saw me is here", na sentensi inavunjika.

Hapa Kifaransa chetu kinasaidia. Tafsiri sentensi kichwani. Kama Kifaransa kingesema "que", Kiingereza kinaweza kuacha neno: "l'homme que j'ai vu", "the man I saw". Kama kingesema "qui" peke yake mbele ya kitenzi, usiache: "l'homme qui m'a vu", "the man who saw me". Angalizo moja: habari ikiwekwa kati ya koma mbili kama nyongeza tu, neno halitoki hata kwenye "que".

Kuna kosa lingine tunalolileta kutoka nyumbani. Kwa Kiswahili tunaweza kusema "kitabu nilichokinunua", na ile "-ki-" inarudia kitabu. Ndiyo maana tunasikia "the book I bought it" na "the man I saw him". Kiingereza huacha nafasi hiyo wazi: "the book I bought", basi.

Mitego ikikutana

Chukua sentensi ya aina inayoweza kuwa kwenye karatasi ya dawa: "The tablets the nurse gave the child have expired." Anayesoma haraka anaona muuguzi, anaona mtoto, kisha "expired", na anaogopa. Nini kimepita muda wake? Ni vidonge. Baada ya "tablets" kuna "that" iliyoachwa, na "have" inaonyesha kwamba kinachosemwa ni vitu vingi, si mtoto mmoja. Angekuwa mtoto, ingekuwa "has".

Kwa hiyo ukikuta majina mawili yamebanana bila neno kati yake, kama "the tablets the nurse", simama kidogo. Weka "that" hapo kwa penseli na usome tena. Mara nyingi sentensi inafunguka.

Wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani wa serikali wanaweza kujipima kwa sentensi tatu. Tafsirini kwa Kiingereza: "Niko Uvira tangu Januari." "Nilimwona mwalimu jana." "Samaki niliyemnunua ameoza." Majibu ni haya: "I have been in Uvira since January." "I saw the teacher yesterday." "The fish I bought is rotten."

Ukiwa mbele ya fomu na huna hakika, ongeza sentensi moja fupi ya sasa: "I still live there", bado ninaishi huko. Na pale unaporuhusiwa kuomba mkalimani wa Kiswahili, mwombe bila haya. Habari ya maisha yako inapaswa kuandikwa kama ilivyo.