Vitabu vya Ndege kwa Bei Iliyopunguzwa

Mtu apendaye kuwajua ndege wa porini huhitaji kitabu chenye picha, ili awatambue kwa majina yao. Lakini vitabu hivyo ni ghali, maana kurasa nyingi huwa na picha za rangi. Kwa hiyo wengine huagiza kwa posta kutoka Ulaya au Marekani, ambako maduka mengine huviuza kwa bei iliyopunguzwa. Je, yafaa kuagiza? Yafaa, lakini tuangalie kwanza mambo matatu.

La kwanza ni sababu ya bei kushuka. Muuza vitabu hatupi fedha zake bure. Pengine zilichapwa nakala nyingi kuliko wanunuzi, nazo zimejaa ghalani. Pengine jalada limekwaruzika. Pengine toleo jipya limetoka. Kitabu cha ndege wa Afrika ya Mashariki, kilichoandikwa na Terry Stevenson na John Fanshawe, kilitoka mwaka 2002, na toleo la pili mwaka 2020. Anayekiona kwa bei ndogo aulize ni toleo lipi. La zamani si bovu: ndege hawakubadili rangi ya manyoya yao, ila majina mengine yamebadilika.

Tena kila nchi ina desturi yake. Katika Uingereza, tangu mwaka 1900, wauzaji walifungwa na mapatano wasishushe bei iliyowekwa na mchapishaji. Mapatano hayo yalivunjika mwaka 1995. Katika Ufaransa, sheria ya mwaka 1981 hairuhusu kupunguza bei ya kitabu kipya kupita asilimia 5. Basi, anayetafuta kitabu kipya cha Kifaransa kutoka huko asitazamie punguzo kubwa.

La pili ni gharama ya posta. Kitabu cha ndege ni kizito, na posta hupima uzito. Zamani vifurushi vilikuja polepole kwa meli, kwa malipo madogo. Lakini mwaka 2007 posta ya Marekani iliwafungia watu wa kawaida njia hiyo. Mara nyingi faida ya punguzo humezwa na nauli. Kwa hiyo tuulize jumla ya malipo yote kabla ya kutuma fedha. Wanafunzi wakiagiza pamoja katika kifurushi kimoja, pengine mzigo utakuwa mwepesi kwa kila mmoja. Tuulize pia habari za forodha. Kwa mapatano ya UNESCO ya mwaka 1950, nchi zilizoyakubali hazitozi vitabu ushuru wa forodha. Lakini kodi nyingine huweza kudaiwa.

La tatu, nalo ni kubwa kuliko yote: je, ndege wetu wamo? Tumpime kitabuni tausi wa Kongo. Mwaka 1913 James Chapin, mtaalamu wa Marekani, alipata huku Kongo unyoya mmoja asioutambua. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, aliwaona ndege wawili waliokaushwa wenye unyoya wa namna ile, akampa ndege huyo jina la kitaalamu. Tausi huyo huishi katika misitu ya Kongo tu. Kitabu cha Stevenson na Fanshawe hakina habari zake, kwani kinahusu Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Mtu wa Bukavu, anayeitazama Rwanda ng'ambo ya ziwa, kitamfaa sana. Mtu wa Kisangani atawakosa wengi wa msituni kwake. Kitabu cha Ian Sinclair na Peter Ryan kinahusu Afrika yote kusini ya Sahara, na Kongo imo.

Nusu bei ya kitabu kisichofaa ni hasara nzima. Tuandike wazi jina la kitabu, waandishi na mwaka wa toleo, tukatunze nakala ya barua pamoja na risiti. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.