Istilahi "Mteremko" katika Uundaji wa Mlinganyo wa Mstari Mnyoofu

1.0 Utangulizi

Katika lugha ya kawaida, neno "mteremko" humaanisha mahali panapoelekea chini. Katika aljebra, neno hilohilo hutaja ukali wa mwelekeo wa mstari mnyoofu, hata pale mstari huo unapopanda. Mwanafunzi anayeshikilia maana ya kwanza hukosea alama na kuandika mlinganyo usio sahihi. Makala haya yanadhihirisha kwamba utata huo huondoka istilahi inapofasiliwa kwa hesabu yake.

2.0 Kutafuta Mlinganyo

Mteremko, unaowakilishwa na herufi m, ni badiliko la y likigawanywa kwa badiliko la x kati ya nukta mbili za mstari. Mlinganyo huandikwa y = mx + c, ambapo c ni thamani ya y pale mstari unapokata mhimili wa y.

Mfano wa kwanza ni vipimo vya jotoridi. Katika usawa wa bahari, maji huganda kwa nyuzi 0 za sentigredi, yaani nyuzi 32 za Farenhaiti, na huchemka kwa nyuzi 100, yaani 212. Nukta ni (0, 32) na (100, 212). Hivyo, m = (212 – 32) ÷ (100 – 0) = 1.8, na mlinganyo ni y = 1.8x + 32. Mstari huu una mteremko, ilhali unapanda.

Mfano wa pili ni angahewa sanifu ya kimataifa. Jotoridi lake katika usawa wa bahari ni nyuzi 15 za sentigredi, na katika kimo cha kilomita 2 ni nyuzi 2. Basi, m = (2 – 15) ÷ (2 – 0) = –6.5, na mlinganyo ni y = –6.5x + 15. Apandaye mlima hupanda, lakini mstari wa jotoridi huteremka.

3.0 Hitimisho

Ni dhahiri kwamba alama ya m ndiyo inayoamua. Ikiwa chanya, mstari hupanda kutoka kushoto kwenda kulia; ikiwa hasi, hushuka; m ikiwa sifuri, mstari hulala. Mstari wima hauna mteremko, kwani badiliko la x ni sifuri na haiwezekani kugawanya kwa sifuri; huo huandikwa x = k.

Kubadili neno pekee hakutoshi. Hata "mwinamo" latokana na kitenzi "inama", nalo laashiria kuelekea chini. Kinachohitajika ni fasili kutangulia istilahi darasani.