Asali ya Nyuki

Asali hutoka wapi? Watoto wengi wanajua utamu wake, lakini hawajui kazi iliyo ndani yake.

Nyuki huishi pamoja kama watu wa kijiji kimoja. Hukaa katika tundu la mti, katika ufa wa mwamba, au katika mzinga wa gogo au wa gome la mti. Kila mzinga una malkia mmoja tu. Kazi yake ni kutaga mayai. Yako madume machache. Wengine wote, maelfu na maelfu, ni wafanyakazi, nao ni majike.

Mfanyakazi huruka toka ua hata ua na kunyonya maji matamu. Huyachukua katika kifuko kidogo kilichomo tumboni. Akirudi, humpa mwenziwe kinywa kwa kinywa. Halafu maji hayo hutiwa katika vyumba vya nta vyenye pembe sita. Bado ni mepesi. Kwa hiyo nyuki huyapepea kwa mabawa yao, mpaka yapunguke na kuwa mazito. Sasa ni asali. Ndipo hufunika kila chumba kwa nta. Nyuki mmoja, katika maisha yake yote, hatengenezi asali ya kujaza kijiko kimoja cha chai.

Asali si ya namna moja. Rangi na ladha yake hufuata maua. Katika Katanga nyuki hupata maua mengi ya miombo karibu na mwanzo wa mvua. Katika msitu wa Ituri, Wambuti hungoja miti mikubwa ichanue, kisha hupanda juu sana kutafuta asali. Tena wako nyuki wadogo wasio na mwiba. Asali yao ni chache, nyepesi, nayo ina uchachu kidogo.

Asali hutia mwili nguvu na kutuliza kikohozi. Ikifunikwa vizuri hukaa miaka bila kuoza. Nta hutengenezwa mishumaa. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo; inaweza kumletea ugonjwa mkali.

Iko faida nyingine kubwa. Mboga ya boga ina maua dume na maua jike. Nyuki huchukua unga wa ua dume na kuupeleka katika ua jike. Pasipo kazi hiyo, boga halikui, bali huanguka lingali dogo.

Watu wengine huchoma mzinga kwa moto, au hukata mti mzima. Siku ile wanashiba. Mwaka wa pili mti hauko, nyuki hawako, na mara nyingine moto umekula pori lote. Mtu mwenye akili hufanya vingine. Huenda jioni, hufukiza moshi kidogo, hutwaa masega yaliyofunikwa, na kuwaachia nyuki watoto wao na sehemu ya chakula.

Wazee husema: Fuata nyuki, ule asali. Lakini mwenye kuua nyuki, atamfuata nani?

Maswali
1. Nyuki hufanya nini ili maji ya maua yawe asali?
2. Kwa nini asali zote hazina rangi moja?
3. Nyuki husaidiaje shamba la maboga?
4. Nani asipewe asali?
5. Mtu mwenye akili hutwaaje asali?