Mholanzi wa Vim na Yatima wa Kibaale

Vijana wetu wanaosomea kompyuta wanaijua Vim, programu ya kuandika na kurekebisha matini ambayo haihitaji hata kipanya. Aifunguaye hukutana na ukurasa mtupu wenye mistari michache katikati, na mmoja wapo humwomba awasaidie watoto maskini wa Uganda. Wengi huupita bila kuusoma. Sisi tumeona aliyeuweka pale anastahili kujulikana majumbani mwetu.

Bram Moolenaar, raia wa Uholanzi, alitaka kompyuta yake ya Amiga iwe na programu mfano wa vi, iliyotungwa Marekani na Bill Joy katika miaka ya 1970. Mwaka 1991 akaitoa Vim kwa umma pamoja na msimbo wake, ili kila atakaye aisome, ainakili na kuirekebisha.

Mwaka 1994 alikwenda Kibaale, kijiji cha kusini mwa Uganda, akajitolea kwa muda wa mwaka mmoja kuwa mhandisi wa maji na usafi katika kituo cha watoto. UKIMWI ulikuwa umewaua wazazi wengi wa eneo lile, na mayatima wakabaki mikononi mwa mabibi na mababu wasio na uwezo. Aliporudi kwao hakuitia programu bei. Masharti yake yalisema: itumie na kuigawa bila malipo, na ikikufaa, wachangie watoto wa Kibaale. Michango ilipitia ICCF Holland, taasisi aliyoianzisha mwenyewe, ikagharimia masomo, chakula na matibabu. Wachangiaji nao walipewa kura ya kuchagua kipi kiboreshwe katika Vim. Bram mwenyewe aliishi kwa mshahara kama watu wengine; tangu 2006 hadi 2021 alikuwa mwajiriwa wa Google, Zürich.

Alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na umri wa miaka 62. Kwa zaidi ya miaka 30 hakuna badiliko lililoingia katika Vim bila idhini yake. Je, si kila kitu kingekufa naye, mpaka karo za wale watoto? Lakini msimbo ulikuwa mikononi mwa watu tangu zamani. Christian Brabandt na wenzake waliipokea kazi, na toleo la 9.1, la Januari 2024, likatolewa kwa kumbukumbu yake. Fedha zilizosalia za ICCF Holland zikaelekezwa kwa shirika dada la Canada liitwalo Kuwasha, jina ambalo Mswahili hahitaji kufasiriwa, lenye miradi katika kituo kilekile. Na ule mstari wa watoto wa Uganda haukufutwa.